Kabla Hujatupa Ndoana Baharini Marekani: Mwongozo Kamili wa Usajili, Leseni na Ada kwa Wanaovua kwa Burudani

Ukisimama juu ya gati la umma linaloingia baharini California, unaweza kutupa ndoana bila leseni yoyote. Shuka ngazi, tembea hatua ishirini mpaka mchangani, tupa ndoana ileile kwenye maji yaleyale. Sasa unatakiwa uwe na leseni, maadamu umetimiza miaka 16. Askari akikukuta pale mchangani mikono mitupu, kumweleza kwamba dakika tano zilizopita ulikuwa juu ya gati hakutakusaidia.

Hivyo ndivyo mambo ya uvuvi wa burudani yalivyo katika pwani zote za Marekani. Hakuna leseni moja ya taifa unayoweza kuinunua ukaenda nayo popote. Kila jimbo lina sheria zake, serikali kuu ina zake, na baadhi ya samaki wana zao peke yao. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yetu tunaoishi huko, au tunaokwenda kuwatembelea ndugu, na tunaopenda kuvua kwa mshipi ili kujiburudisha na kupata kitoweo. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakiandikiwa faini mbele ya watoto wao kwa jambo ambalo lingemalizika kwa simu ya mkononi ndani ya dakika kumi, tena pengine bila kulipa hata senti. Linaniuma kila ninapoliona.

Kazi yote ni kujibu maswali matatu, kwa utaratibu huu: maji haya ni ya nani, ninamtafuta samaki gani, na mimi ni nani mbele ya sheria hiyo. Ukianza na la tatu, kama wengi wafanyavyo, utapotea.

Neno moja kuhusu pesa kabla hatujaendelea. Ada ninazotaja ni za leseni yenyewe. Wauzaji huongeza malipo madogo ya huduma, na mabunge ya majimbo hubadilisha viwango mara kwa mara. Zichukue kama kipimo cha kujua unaingia gharama ya aina gani, kisha utazame kiwango cha siku unayonunua.

Kwa nini wanataka jina lako

Hili wengi hulipita, nami naona ndilo la kuanza nalo, kwa sababu ukilielewa utaelewa kwa nini usajili mwingine ni wa bure na bado ni wa lazima.

Kuanzia mwaka 1979 serikali kuu ilikuwa ikikadiria safari za wavuvi wa burudani kwa kupiga simu kwenye nyumba za kaunti za pwani, namba zikichaguliwa kwa bahati nasibu. Fikiria kazi hiyo. Nyumba nyingi zilizopigiwa hazikuwa na mvuvi hata mmoja. Aliyeendesha gari saa nne kutoka bara kuja kuvua wikiendi hakuwemo kwenye kaunti zinazopigiwa. Baadaye watu wakaacha simu za nyumbani kabisa. Na makadirio hayohayo ndiyo yaliyotumika kuamua msimu wa samaki fulani ufungwe au ufunguliwe.

Mwaka 2006 Baraza la Taifa la Utafiti lilikagua mfumo huo na kutoa ripoti kwamba una kasoro kubwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bunge la Marekani likarekebisha sheria mama ya uvuvi, Magnuson-Stevens ya 1976, na Rais George W. Bush akaitia saini Januari 2007. Marekebisho hayo yaliamuru iundwe Sajili ya Taifa ya wavuvi wa burudani wa baharini, chini ya NOAA, taasisi ya serikali kuu inayosimamia bahari na hali ya hewa. Sajili ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2010. Sheria ilikataza kutoza ada kabla ya 2011, kwa hiyo mwaka wa kwanza ulikuwa wa bure, na 2011 ada ikaanza kwa dola 15.

Lakini sheria iliacha mlango wazi: jimbo ambalo lina orodha yake nzuri ya wavuvi, na liko tayari kuikabidhi NOAA, watu wake hawatahitaji kujisajili tena serikali kuu. Majimbo yakakimbilia mlango huo, kila moja kwa mtindo wake. New York ilianzisha leseni ya dola 10 mwaka 2009, wavuvi wakalalamika, na 2011 ikageuzwa kuwa usajili wa bure. New Jersey nayo 2011 ikaanzisha usajili wake wa bure. Massachusetts mwaka huohuo ikaanza kibali cha dola 10. Maine ikaunda sajili yake. Ndiyo maana leo idadi kubwa ya wavuvi wa baharini hawajawahi kuigusa Sajili ya Taifa. Wamo tayari kwenye hesabu kupitia jimbo lao.

Kwa hiyo ukiona fomu ya bure usidhani si muhimu. Bure hapo maana yake ni kwamba wanachokitaka ni anwani yako, na kuvua bila kujisajili ni kosa kama kosa jingine.

Hatua ya kwanza: maji haya ni ya nani?

Kutoka ufukweni hadi maili 3 za baharini, yaani kama kilomita 5.6, ni maji ya jimbo. Texas, upande wa Florida unaotazama Ghuba ya Mexico, na Puerto Rico mpaka wao ni maili 9, karibu kilomita 17. Zaidi ya hapo, hadi maili 200, ni maji ya serikali kuu.

Ukivua ufukweni, juu ya mawe ya bandarini au kwenye gati, umo ndani ya maji ya jimbo na mambo yako ni mepesi. Ukiwa na boti, mstari huo hauonekani kwa macho, kwa hiyo uwashe kifaa chako cha ramani na uujue ulipo kabla injini haijawaka.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wake. Kwenye pwani ya Atlantiki kuna samaki mwenye mistari ubavuni, wenyeji humwita straipa, anayependwa kuliko karibu wote wa ukanda ule. Ndani ya maji ya jimbo unaweza kumvua kwa kufuata kipimo na msimu. Ukivuka maili 3, ni marufuku kumvua au kuwa naye, na marufuku hiyo ipo tangu 1990. Samaki ni yuleyule, leseni yako ni ileile, lakini upande mmoja wa mstari una chakula cha jioni na upande wa pili una kesi.

Hatua ya pili: unamtafuta samaki gani?

Wako samaki wanaokua baharini kisha wakapanda mito kwenda kutaga: samoni, straipa, shadi na ndugu zao. Hao wamewekwa chini ya Sajili ya Taifa popote penye maji yanayojaa na kupwa, hata kama uko mtoni na bahari huioni. Mto Hudson ni mfano mzuri. Maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari mpaka mji wa Troy, kama kilomita 240 kutoka bandari ya New York. Mtu anayevua straipa kule juu, amezungukwa na milima na miti, bado anatakiwa awe kwenye usajili wa baharini wa jimbo la New York. Wengi hukamatwa hapa kwa kudhani maji baridi ni maji baridi.

Kundi la pili ni samaki wakubwa wa bahari kuu upande wa Atlantiki, Ghuba na Karibi: jodari, papa, nduaro na jamii zao. Hao wanahitaji kibali maalumu cha serikali kuu, na kibali hicho hutolewa kwa boti, si kwa mtu. Mwenye boti akiwa nacho, waliomo ndani wamefunikwa. Asipokuwa nacho, wote mmefanya kosa, hata kama kila mmoja ana leseni ya jimbo mfukoni. Kwa hiyo rafiki akikualika kwenda kutafuta jodari, muulize wazi kabla ya kununua barafu: kibali cha boti unacho, na ni cha mwaka huu? Si utovu wa adabu. Nahodha mwenye akili atafurahi umeuliza.

Kibali hicho kina masharti mawili ambayo watu husahau. Jodari aina ya bluefin ukimshusha, au akifa mkononi mwako ukamrudisha, lazima taarifa ipelekwe ndani ya saa 24. Nduaro waliobebwa nchi kavu nao wana sharti hilohilo la saa 24. Na anayetaka kuvua papa lazima aongezewe idhini ya papa kwenye kibali, ambayo hupatikana baada ya kutazama video fupi ya kuwatambua na kujibu maswali yake.

Kundi la tatu ni samaki ambao jimbo lenyewe limewawekea alama au kibali cha ziada. Hao nitawarudia kwenye gharama.

Hatua ya tatu: wewe ni nani mbele ya sheria?

Umri kwanza. Kipimo kilichozoeleka ni miaka 16, nacho ndicho cha Sajili ya Taifa, Florida, California, New York na New Jersey. Lakini usikibebe kila mahali. Texas ni 17. Alaska mkaazi huanza kuhitaji leseni akiwa na 18, mgeni akiwa na 16. Oregon ni 12, na hapo ndipo wazazi wengi waliohamia kutoka majimbo mengine hunaswa.

Wazee nao wana nafuu, ila si sawa kila mahali. Florida mkaazi wa miaka 65 na zaidi hahitaji leseni ya kawaida, mradi awe na uthibitisho wa umri na makazi. Massachusetts kuanzia 60 husamehewa ada ya kibali, lakini kibali chenyewe lazima wawe nacho. Texas msamaha kamili ni kwa aliyezaliwa kabla ya 1 Januari 1931. Wengine waliofikisha 65 hulipa ada iliyopunguzwa. Ukimpeleka mzazi wako kuvua, hakikisha hili kabla hamjaondoka. Kumweka mzee kwenye aibu ya kuulizwa karatasi ambazo hana ni jambo linaloepukika.

Makazi ndiyo yanayobadilisha bei zaidi. Mkaazi Florida hulipa dola 17 kwa mwaka; mgeni hulipa 47. Texas kifurushi cha baharini ni dola 35 kwa mkaazi na 63 kwa mgeni. Lakini "mkaazi" si kila mwenye kulala pale. Texas hutaka uwe umeishi miezi sita mfululizo, na majimbo mengine yana muda wao. Umehamia majuzi? Nunua ya mgeni ya siku chache huku ukisubiri muda utimie. Kudanganya makazi ili kuokoa dola thelathini ni kosa kubwa kuliko kuvua bila leseni, kwa kuwa umeweka saini kwenye uongo.

Sasa jambo linalowahusu wahamiaji hasa. Sheria ya serikali kuu ya miaka ya 1990 kuhusu matunzo ya watoto huyataka majimbo yaandike namba ya hifadhi ya jamii ya mwombaji wa leseni ya burudani, ili mzazi anayekwepa matunzo afuatiliwe. Kwa hiyo ukiulizwa namba hiyo kwenye fomu halali ya jimbo usishtuke. Na kama huna namba, usikate tamaa wala usibuni ya uongo. Majimbo mengi yana njia kwa mtu wa hali hiyo, mara nyingi tamko kwamba hujapewa namba pamoja na pasipoti au kitambulisho kingine. Fomu ya mtandaoni ikikugomea, nenda dukani kwa wakala au ofisi ya idara ya samaki ya jimbo ukiwa na pasipoti yako. Kuwa mgeni si kizuizi. Leseni za mgeni zipo kwa ajili hiyohiyo.

Hatua ya nne: leseni ya jimbo na gharama zake za kweli

Baada ya maswali matatu, sasa fungua mfuko.

Anza kwa kutafuta kama unavua mahali ambapo umeshafunikwa. Gati la umma la California ni mfano mmoja. Florida na Virginia yako magati ambayo mwenyewe amelipia leseni inayowafunika wote wanaovua juu yake. Bango huwa getini. Boti za kukodi zenye nahodha huko Florida nazo zina leseni inayowafunika abiria. Lakini Texas na California si hivyo: hata ukilipa boti ya kukodi, kila mmoja lazima awe na leseni yake. Tofauti hii imewagharimu wengi, kwa sababu mtu husikia habari za Florida akazitumia Galveston, Texas.

Pia majimbo mengi huwa na siku za kuvua bure, nyingi zikiwa mwezi Juni. Leseni husamehewa siku hizo, lakini vipimo na idadi ya samaki havisamehewi.

Kisha angalia kama kuna usajili wa bure unaokutosha. New York na New Jersey mvuvi wa baharini hujisajili bila malipo. Wa New Jersey huisha tarehe 31 Desemba hata ukijisajili Novemba, wa New York huhesabu mwaka tangu siku uliyojisajili. Florida mkaazi anayevua akiwa amesimama nchi kavu, au kwenye kitu kilichoshikamana na nchi kavu, hupata leseni ya ufukweni bila malipo. Ukipanda boti, hata ya kupiga makasia, leseni hiyo haina kazi tena. Georgia, juu ya leseni ya kawaida, hutaka kibali cha bure cha taarifa za uvuvi wa baharini, na Virginia ina mpango wa utambulisho wa bure kwa wale waliosamehewa leseni.

Hapo pa mwisho pana somo. Aliyesamehewa leseni bado anaweza kutakiwa ajisajili. Florida imelifanya hili wazi kuliko wote: yeyote anayekwenda kwa boti ya binafsi kuvua baadhi ya samaki wa mwamba, wakiwemo aina za changu na chewa, lazima awe na alama ya mvuvi wa mwamba kwenye akaunti yake. Ni bure. Na inamhusu hata mzee wa miaka 70 ambaye hahitaji leseni. Wanahesabu, kama nilivyosema pale mwanzo, na hesabu haijui uzee.

Baada ya hapo ndipo ada. Kwa mgeni, piga hesabu ya siku. Florida ada ya siku 3 ni dola 17, siku 7 ni 30, mwaka mzima 47. Ukienda mara mbili kwa mwaka kwa wiki nzima, ya mwaka ni nafuu. Ukienda wikiendi moja, ya siku tatu inatosha, na chagua tarehe ya kuanza kwa uangalifu, maana siku hazirudishwi mvua ikinyesha. Mkaazi wa Florida anaweza kununua ya miaka mitano kwa dola 79, akaokoa kidogo na kusahau foleni.

Angalia pia mwaka wa leseni. Texas mwaka wake huanza 1 Septemba na kuisha 31 Agosti, kwa hiyo leseni ya kawaida ya mwaka ukiinunua Julai utakuwa umenunua wiki chache. Texas huuza pia leseni ya siku moja, ambayo kwa Julai na Agosti mara nyingi ndiyo busara. California kuanzia 2023 leseni ya mwaka hudumu siku 365 tangu ianze, jambo ambalo wavuvi waliliomba muda mrefu.

Na viambatanisho. Kusini mwa rasi ya Point Arguello, California hutaka uthibitisho wa ziada wa bahari juu ya leseni. Florida, samaki aitwaye snuku anataka kibali cha dola 10, kamba wa miiba dola 5. Kuvua papa ukiwa ufukweni Florida kunahitaji kibali cha bure baada ya kozi fupi mtandaoni. Alaska, samoni aina ya king anahitaji stempu yake. Texas, samaki aitwaye redi dramu akiwa mkubwa kupita kipimo hubakishwa kwa lebo inayokuja na leseni, na lebo hujazwa na kufungwa kwenye samaki palepale, si nyumbani.

Pesa hizi zinakwenda wapi? Swali la haki. Tangu sheria ya Dingell-Johnson ya 1950, ushuru unaotozwa kwenye vifaa vya uvuvi hugawiwa majimbo: asilimia 60 ya mgawo hutokana na idadi ya watu walionunua leseni, asilimia 40 na ukubwa wa eneo. Sharti lake ni kwamba ada za leseni zisichukuliwe kwenda kujenga barabara au kulipa madeni mengine ya jimbo. Zibaki kwenye idara ya samaki. Kwa hiyo dola 17 zako huvuta pesa nyingine nyuma yake. Mimi hulipa nikilijua hilo, na sioni uchungu.

Hatua ya tano: Sajili ya Taifa, kama kweli inakuhusu

Inakuhusu ukitimiza haya kwa pamoja: una miaka 16 au zaidi, unavua maji ya serikali kuu, au unavua samaki wapandao mito mahali maji hujaa na kupwa, na huna leseni wala usajili wa jimbo unaotambuliwa. Haikuhusu ukivua tu kwenye boti za kukodi zenye leseni ya kubeba wavuvi, au ukiwa chini ya kile kibali cha samaki wakubwa wa bahari kuu.

Ukijikuta humo, kazi ni fupi. Tovuti ya NOAA au simu yao itakuuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya simu na eneo unalokusudia kuvua. Unalipa ada, unapewa namba papo hapo, na namba hiyo inatosha kuanza kuvua huku ukisubiri kadi kwa posta. Hudumu mwaka mmoja tangu siku iliyotolewa. Inaondoa deni la usajili tu. Haikuruhusu kuvua maji ya jimbo linalotaka leseni yake, na haigusi kipimo, idadi wala msimu wa samaki.

Hatua ya sita: lipa kwa anayestahili kulipwa

Mwaka wangu wa kwanza nilitafuta leseni kwenye intaneti, nikabonyeza jibu la kwanza lililotokea, nikalipa. Nilichopata ni kijitabu cha "jinsi ya kuomba leseni". Pesa haikurudi na leseni sikuwa nayo. Wanaofanya biashara hiyo wanalipia matangazo ili watokee juu ya ofisi halali.

Ushauri wa kawaida ni kutafuta anwani inayoishia na gov. Ni mwanzo mzuri lakini hautoshi, kwa sababu yako majimbo ambayo tovuti zao halali haziishii hivyo. Idara ya samaki ya Florida ni moja, na duka lake la leseni mtandaoni ni jingine. Njia ya uhakika ni kuingia kwanza kwenye ukurasa wa idara ya samaki ya jimbo lenyewe, kisha kufuata kitufe chake cha kununua, popote kitakapokupeleka. Ikikutatiza, ingia duka lolote kubwa la vifaa vya uvuvi. Wengi ni mawakala na watakuchapishia palepale. Ukurasa ukikuahidi "kukusaidia kuomba", au usitaje aina ya leseni na tarehe ya kuisha kabla ya malipo, toka.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba. Sisi wenye majina matatu na kuendelea tunaliona tatizo hili mara kwa mara: leseni ina jina la babu, kitambulisho hakina.

Ukiwa majini

Beba leseni na kitambulisho. Majimbo mengi hukubali picha au programu ya simu, lakini simu huzima na maji ya chumvi hayana huruma, kwa hiyo weka na karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Askari akija, weka mshipi chini, salimia, onyesha leseni na samaki uliowavua. Ana mamlaka ya kutazama ndoo na jokofu lako la barafu.

Usiuze samaki. Leseni ya burudani ni ya mlo wako na wa wageni wako. Kumpelekea mwenye mgahawa wachache kwa pesa, au kwa kubadilishana na kitu, hukuingiza kwenye sheria za biashara zenye adhabu nzito.

Wakati mwingine atakuja mtu mwenye ubao wa kuandikia na rula, akuulize umevua saa ngapi na aombe kupima samaki. Huyo kwa kawaida ni mhesabu, si askari. Majibu yako hayaendi kukuandikia faini. Mpe dakika zake tano, na umwambie na wale uliowarudisha majini, kwa sababu hao asipoambiwa hawezi kuwaona.

Kisha iko barua. Tangu 2018, kwenye sehemu kubwa ya pwani ya Atlantiki na Ghuba, zile simu za bahati nasibu zimebadilishwa na dodoso la posta, na anwani huchaguliwa kwa msaada wa orodha za leseni na usajili uliojaza. Huuliza watu wa nyumbani kwako wamekwenda kuvua mara ngapi katika kipindi cha karibuni. Ikifika, usiitupe pamoja na matangazo ya pizza. Ijaze hata kama kipindi hicho mvua ilikufungia ndani na hukugusa mshipi: andika sifuri, itie kwenye bahasha, irudishe. Sifuri yako nayo wanaihitaji, maana nyumba zisizovua zisipojibu, itaonekana wote tunavua kila siku, na msimu utafungwa mapema.